Mgomo Mkuu wa Uingereza wa 1926: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu wachimbaji wa makaa ya mawe na kushindwa kwao

Kwa kifupi, kilitokea nini?

Usiku wa kuamkia tarehe 4 Mei 1926, madereva wa treni, makuli wa bandarini, wapiga chapa, wafua chuma na wafanyakazi wengine wa Uingereza waliacha kazi kwa pamoja ili kuwaunga mkono wachimbaji wa makaa ya mawe. Walikuwa zaidi ya milioni moja na nusu, mbali na wachimbaji wenyewe ambao walikaribia milioni moja. Siku ya tisa, tarehe 12 Mei, viongozi wa TUC, yaani shirikisho la vyama vya wafanyakazi, walikwenda kwa Waziri Mkuu Stanley Baldwin na kuuvunja mgomo bila kupata ahadi hata moja iliyoandikwa. Wachimbaji waliendelea peke yao karibu miezi saba, kisha njaa ikawarudisha shimoni kwa masharti yaleyale waliyokuwa wameyakataa, na mengine mabaya zaidi.

Wachimbaji ndio walioanza kugoma?

Hapana, na kosa hili limo hata katika vitabu vya shule. Wachimbaji walifungiwa nje. Wamiliki wa migodi walitangaza masharti mapya ya mshahara mdogo, na asiyeyakubali hakuruhusiwa kuingia kazini kuanzia tarehe 1 Mei. Waliogoma kwa maana halisi ya neno ni wale wengine, waliotoka siku tatu baadaye kuwasaidia wenzao. Tofauti hii ina uzito. Serikali ilitangaza kwamba wafanyakazi wameishambulia nchi, wakati jiwe la kwanza lilikuwa limerushwa na waajiri.

Chanzo hasa kilikuwa nini?

Makaa yalikuwa hayauziki tena kama zamani. Mwaka 1913 Uingereza ilichimba tani milioni 287, na karibu theluthi moja ilipakiwa melini kwenda ng'ambo. Wales Kusini, Durham, Northumberland na Scotland ziliishi kwa soko hilo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza meli zilianza kutumia mafuta, umeme ukaingia viwandani, na Poland na Ujerumani zikauza makaa kwa bei ya chini.

Kwa muda mfupi shida za wengine ziliificha hali hiyo. Mwaka 1923 Ufaransa ilipoiteka Ruhr, eneo la makaa la Ujerumani, makaa ya Ujerumani yalitoweka sokoni na ya Uingereza yakanunuliwa kwa pupa. Mwaka uliofuata Ujerumani ikarudi, bei zikaporomoka, na mwaka 1925 migodi mingi ikawa inachimba kwa hasara.

Hapo ndipo swali likawa: nani abebe hasara? Kulikuwa na kampuni zipatazo 1,400, nyingine kubwa zenye mashine, nyingine vishimo vya kizamani ambavyo havikuwa vimetiwa mtaji tangu enzi za mababu. Juu yao walikaa wenye ardhi, waliolipwa mrabaha kwa kila tani iliyotoka chini ya mashamba yao bila wao kushika sururu. Kuunganisha kampuni, kununua mashine na kufunga mashimo mabovu kulihitaji fedha na maumivu kwa wenye mali. Kupunguza mshahara kulihitaji karatasi moja tu ya tangazo getini, na wamiliki wakachagua karatasi.

Pauni na dhahabu vinaingiaje hapa?

Aprili 1925 Waziri wa Fedha, Winston Churchill, aliirudisha pauni kwenye mfumo wa dhahabu, yaani aliifunga thamani yake kwa dhahabu, kwa kiwango kile cha kabla ya vita, dola 4.86. Mchumi John Maynard Keynes alipinga hadharani, akisema pauni imepandishwa kwa takriban asilimia 10 kupita thamani yake halali. Maana yake ni kwamba mnunuzi wa Denmark au Italia aliona makaa ya Cardiff yamepanda bei ghafla ingawa hakuna kilichobadilika mgodini. Ili yashuke tena, lazima gharama zipunguzwe, na sehemu kubwa ya gharama za makaa ni mshahara. Mabenki ya London yalipata heshima ya pauni yao, na deni likalipwa na mtu wa shimoni.

Kwa nini wachimbaji hawakukubali tu kupunguziwa kidogo?

Kwa sababu walikuwa wamekwisha punguziwa sana mwaka 1921, na wamiliki walitaka warudi tena karibu na viwango hivyo. Tena kila wilaya ingekuwa na kiwango chake, hivyo wale wa maeneo ya kuuza nje wangeumia kupita wote.

Halafu iangalie kazi yenyewe. Mkata makaa alishushwa kwa lifti, kisha akatembea ameinama, pengine maili moja au zaidi, hadi kwenye mwamba. Mwendo huo haukulipwa. Penye mwamba mwembamba alilala ubavu, akachimba kwa sururu huku vumbi likimwingia, na akalipwa kwa tani alizotoa. Paa likianguka, au akitumwa sehemu yenye mawe matupu, ujira ulipungua bila kosa lake. Jioni alirudi nyumbani mweusi tii kuoga kwenye karai mbele ya moto, maana migodi iliyokuwa na mabafu ilihesabika. Waliokufa migodini walikuwa zaidi ya 1,000 kwa mwaka. Mtu wa namna hiyo ukimwambia uchumi wa taifa unamtaka ajinyime, ana haki ya kuuliza mbona hawaulizwi wengine.

Inasemekana hata Mfalme George V alimjibu bwana mmoja aliyewabeza wachimbaji kwamba ajaribu kwanza kuishi kwa mishahara yao.

"Ijumaa Nyeusi" na "Ijumaa Nyekundu" ni nini?

Ni siku mbili zinazoeleza tabia ya kila upande. Tarehe 15 Aprili 1921, wachimbaji walipokuwa wamefungiwa nje, vyama vya reli na uchukuzi vilivyoapa kuwasaidia vilijitoa dakika za mwisho. Hiyo ndiyo Ijumaa Nyeusi, na ladha ya usaliti haikuwatoka wachimbaji midomoni.

Tarehe 31 Julai 1925 mambo yaligeuka. Wamiliki walitaka kupunguza mishahara, TUC ikaagiza makaa yasisafirishwe popote, na serikali ikarudi nyuma. Baldwin alitoa ruzuku ya miezi tisa, hadi tarehe 30 Aprili 1926, iliyogharimu takriban pauni milioni 23. Magazeti ya wafanyakazi yakaiita Ijumaa Nyekundu.

Kwangu mimi, siku hiyo ya ushindi ndiyo iliyowamaliza. TUC ilijifunza somo baya: kwamba ukipiga mkwara wa kutosha, serikali inanywea. Baldwin baadaye alikiri kwamba walilegeza kwa kuwa hawakuwa tayari, na miezi tisa aliyoinunua akaitumia vizuri. Nchi iligawanywa katika kanda, kila moja na kamishna wake. Malori yakaorodheshwa, makaa yakalundikwa. Kikundi cha raia kilichojulikana kwa herufi OMS kikaandikisha watu wa kujitolea tangu Septemba 1925. Upande wa pili, TUC haikuanza kupanga kwa dhati hadi wiki ya mwisho ya Aprili.

Tume ya Samuel ilipendekeza nini?

Tume hii, chini ya Sir Herbert Samuel, iliundwa wakati ruzuku ikiendelea na ikatoa ripoti Machi 1926. Ilikuwa na kitu cha kumuudhi kila mtu. Iliwaambia wamiliki kwamba sekta inahitaji kupangwa upya, kampuni ziunganishwe, na mrabaha wa wenye ardhi uchukuliwe na dola. Ilikataa saa za kazi kuongezwa. Ila ilisema pia kwamba ruzuku iishe na mishahara ipungue kwanza, mageuzi yafuate.

Wachimbaji waliiona danganya toto: kupunguziwa leo, mageuzi siku yatakapofika. Katibu wao, A. J. Cook wa Wales Kusini, mhubiri wa zamani aliyeweza kuwasimamisha maelfu juani wakimsikiliza, aliipa nchi nzima kauli mbiu ya kwamba hawatatoa hata senti moja ya mshahara wala dakika moja ya siku. Rais wao, Herbert Smith wa Yorkshire, hakuwa msemaji. Ukimuuliza ana nini cha kutoa mezani, jibu lake lilikuwa: hakuna.

Wamiliki nao walikuwa ukimwaga mboga, namwaga ugali. Lord Birkenhead, waziri katika serikali hiyohiyo ya kihafidhina, alisema angeweza kuwaita viongozi wa wachimbaji watu wajinga kuliko wote Uingereza, kama asingekuwa amekutana mara nyingi na wamiliki wa migodi.

Mazungumzo yalivunjikaje?

Tarehe 1 Mei viongozi wa vyama walikutana Memorial Hall, London, wakapiga kura kwa niaba ya wanachama wao: 3,653,527 waliunga mkono mgomo, 49,911 walipinga. Hata baada ya kura hiyo wajumbe wa TUC waliendelea kwenda na kurudi Downing Street, kwa Waziri Mkuu, wakitafuta njia ya kutogoma.

Usiku wa tarehe 2 Mei wapiga chapa wa gazeti la Daily Mail walikataa kuchapa tahariri iliyowashambulia wagomaji. TUC haikuwatuma. Baldwin alilichukua tukio hilo kama kisingizio, akasema mgomo umekwisha kuanza, na akafunga mazungumzo. Wajumbe walipoandika barua ya kukana habari hiyo na kuipeleka, walikuta Waziri Mkuu amekwenda kulala.

Siku tisa zenyewe zilikuwaje?

Zilikuwa za ajabu. Mwitikio uliwashangaza hata walioita mgomo: reli zilisimama, bandari zikakauka, London ikawa mji wa watembea kwa miguu na baiskeli. Wanafunzi wa vyuo vikuu, wengi wao watoto wa matajiri waliotamani tangu utotoni kuendesha treni, walipanda kwenye injini na mabasi. Baadhi ya mabasi yalizungushiwa waya wa seng'enge kwenye boneti na polisi akakaa kando ya dereva.

Tarehe 8 Mei msafara wa malori ulitoka bandari ya London ukiwa na unga, ukisindikizwa na magari ya kivita hadi Hyde Park. Siku hiyohiyo mjini Plymouth, wagomaji na polisi walicheza mpira, na wagomaji wakashinda 2–1. Hadithi ya mpira inapendwa sana na wanaotaka kuonyesha Waingereza walivyo wastaarabu. Haisemi kwamba siku mbili baadaye wachimbaji waling'oa reli karibu na Cramlington na treni ya abiria ikaanguka, kwa bahati bila kuua mtu, wala kwamba watu zaidi ya 3,000 walifikishwa mahakamani kwa makosa yaliyohusu mgomo.

Watu walipata wapi habari, kama wapiga chapa waligoma?

Hili ni moja ya makosa ya TUC. Walipowaita wapiga chapa watoke, walizima na magazeti yaliyowapendelea. Serikali ikaanzisha British Gazette, lililohaririwa na Churchill na kufikia nakala zaidi ya milioni mbili. TUC ikajibu na British Worker, dogo na lenye karatasi za kubahatisha.

Iliyobaki ni redio. BBC ilikuwa bado kampuni changa chini ya John Reith, na Churchill alitaka serikali iichukue moja kwa moja. Baldwin alikataa, ila hakuhitaji. Kiongozi wa chama cha Labour, Ramsay MacDonald, alinyimwa nafasi ya kuzungumza, na wito wa Askofu Mkuu wa Canterbury wa maelewano ulizuiwa mpaka mambo yalipokaribia kwisha.

Je, yalikuwa mapinduzi yaliyoshindwa?

La. Serikali ilisema hivyo kwa sababu ilifaa kusema hivyo: ikiwa mgomo ni uasi dhidi ya Katiba, basi hakuna haja ya kujadili bei ya makaa. Viongozi wa TUC waliogopa neno hilo kuliko walivyoogopa kushindwa. J. H. Thomas wa chama cha reli aliliambia Bunge, mgomo ukiwa unaanza, kwamba katika mapambano na Katiba, Mungu atusaidie Katiba isiposhinda. Jenerali anayeomba hadharani upande wa pili ushinde hana safari ndefu. TUC ilirudisha hata fedha zilizotumwa na vyama vya Urusi. Wachimbaji baadaye walizipokea, zaidi ya pauni milioni moja, na zilinunua mikate mingi.

Basi kwa nini TUC walisalimu amri wakati watu bado wamesimama imara?

Watu wengi hutaja sheria: mbunge na mwanasheria Sir John Simon alidai bungeni kwamba mgomo ni haramu, na Jaji Astbury akatamka hivyo tarehe 11 Mei. Wengine hutaja hazina za vyama zilizokuwa zikiisha. Yote yalichangia. Lakini sababu ya msingi ni kwamba hawakuwahi kuutaka mgomo. Waliutumia kama tishio, tishio likafeli, wakajikuta wanaendesha kitu wasichojua pa kukipeleka. Kila siku iliyopita, madaraka yalihamia kwa kamati za mitaa zilizotoa vibali vya chakula na kuamua lori gani lipite, na wakubwa hawakulipenda jambo hilo.

Sir Herbert Samuel alijitokeza kama mtu binafsi na waraka wa maelewano. Ndani yake bado mlikuwa na kupunguza mishahara, na wachimbaji wakaukataa. TUC iliukubali bila wao. Saa sita mchana tarehe 12 Mei ujumbe ulifika Downing Street, na inasimuliwa kwamba ofisa Sir Horace Wilson aliwauliza mlangoni kama wamekuja kuuvunja mgomo, kwani vinginevyo Waziri Mkuu hawezi kuwaona. Ndani, Ernest Bevin wa chama cha uchukuzi alimwomba Baldwin ahakikishe waliogoma hawatalipiziwa kisasi. Alijibiwa kwa maneno laini yasiyoshikika. Serikali ilikuwa imekwisha sema waziwazi kwamba Samuel hakutumwa nayo. Walichokuwa nacho mkononi ni barua ya mtu asiye na mamlaka.

Waliorudi kazini walipokelewaje?

Vibaya. Tarehe 13 Mei watu waliokuwa nje walikuwa wengi kuliko siku iliyotangulia, kwa kuwa waajiri wengi waliwataka warudi kwa mshahara mdogo au watoke kwenye chama. Vyama vya reli vililazimika kutia saini hati ya kukiri kwamba vilifanya kosa kuitisha mgomo. Wengine hawakurudishwa kabisa.

Wachimbaji waliishije miezi saba bila mshahara?

Kwa majiko ya pamoja ya supu, mikopo ya duka la ushirika, mashamba ya viazi, na fedha za mshikamano. Sheria ya msaada wa maskini ilikataza kumpa mwanamume mwenye nguvu aliyekataa kazi, hivyo msaada ulikwenda kwa mke na watoto tu, na waziri aliyehusika, Neville Chamberlain, alihimiza ubanwe. Mabaraza ya msaada wa maskini ya Chester-le-Street na Bedwellty yalipoonekana yanatoa kwa ukarimu, wajumbe wake waliondolewa na watu wa serikali wakawekwa badala yao. Wanawake na watoto walipanda vilima vya taka za migodi na ndoo, wakachakura vipande vya makaa vilivyotupwa zamani. Familia iliyokaa juu ya makaa ya mamilioni ya tani haikuwa na ya kupikia.

Kwa nini nao walishindwa hatimaye?

Silaha ya mgomaji ni kumnyima mwenzake kitu anachokihitaji. Mwaka 1926 makaa yalikuwa ya ziada: kiangazi kilikuwa kinaingia, maghala yalikuwa yamejaa kwa miezi tisa ya ruzuku, na meli zilileta mengine kutoka nje. Kwa mmiliki aliyekuwa akichimba kwa hasara, mgodi uliofungwa haukumuuma sana. Julai, Bunge lilipitisha sheria ya kuruhusu siku ya saa nane badala ya saba, jambo ambalo hata tume ya Samuel ililikataa.

Kisha umoja ukapasuka. Huko Nottinghamshire, ambako migodi ilikuwa na faida na soko la ndani, watu walianza kurudi, na mbunge George Spencer akaunda chama chake kilichoelewana na wamiliki. Kufikia katikati ya Novemba karibu theluthi ya wachimbaji walikuwa kazini. Mwisho wa mwezi kila wilaya ikajadili peke yake: saa zaidi, ujira pungufu, na orodha za watu wasiotakiwa. Uingereza ilipoteza siku za kazi milioni 162 mwaka huo. Soko la Skandinavia, lililochukuliwa na Poland wakati migodi imefungwa, halikurudi kirahisi.

Cook na Smith wangeafikiana mapema, ingesaidia?

Pengine Mei wangepata masharti mepesi kuliko ya Novemba. Hilo wengi wanawalaumu nalo, na lina haki yake. Lakini lawama hiyo inachukulia kwamba wamiliki wangetimiza sehemu yao ya mageuzi, na mwenendo wao wa kabla na baada hautoi dalili hiyo. Makosa ya Cook yalikuwa ya hesabu. Alidhani wenzake wa TUC wana roho kama yake.

Serikali ilifanya nini baada ya ushindi?

Mwaka 1927 ilitunga sheria iliyoharamisha migomo ya kuunga mkono, ikawazuia watumishi wa serikali kujiunga na TUC, na ikavuruga michango ya vyama kwa Labour. Wanachama wa vyama vyote wakashuka chini ya milioni tano. Labour walilipiza kisasi kwenye kura, wakawa chama kikubwa bungeni mwaka 1929. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1946, na tarehe 1 Januari 1947 migodi ikataifishwa. Pauni iliachana na dhahabu Septemba 1931.

Huu si ule wa Scargill na Thatcher?

Huo ni wa 1984–85, kati ya wachimbaji chini ya Arthur Scargill na serikali ya Waziri Mkuu Margaret Thatcher, na ulihusu kupinga kufungwa kwa migodi, siyo mishahara. Ila Nottinghamshire ilirudia historia yake: wachimbaji wengi wa huko waliendelea na kazi na wakaunda chama chao tofauti mwaka 1985.

Afrika Mashariki iliguswa?

Kwa njia mbili. Shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 1921, ilifungwa kwa shilingi ya Uingereza, kwa hiyo uamuzi wa Churchill wa 1925 uliipandisha nayo bila mtu wa Dar es Salaam wala Mombasa kuulizwa. Ya pili ilikuja baadaye: mwaka 1930 waziri wa makoloni wa serikali ya Labour, Lord Passfield, aliziandikia serikali za makoloni zitambue vyama vya wafanyakazi kisheria, lakini akataka visajiliwe na visimamiwe visije vikaangukia mikononi mwa wachochezi. Tanganyika ilitunga sheria yake ya vyama vya wafanyakazi mwaka 1932.